Programu Iliyowafuta Akina Kornelia

Naombeni tuelewane mapema, wajukuu zangu, kabla hamjanipandisha presha. Mtu akinipigia simu siku hizi, hata shikamoo hajaimaliza vizuri, tayari anauliza: "Bibi, eti programu gani nzuri ya kutoa stetimenti ya benki kwenye PDF na kuiweka kwenye Excel?" Mmoja alinipigia nikiwa kwenye mstari wa komunyo, simu ikalia kanisa zima likanigeukia. Nikikata, anatuma ujumbe. Nikinyamaza, anamtuma shangazi yake aje kunigongea mlango hapa Lituhi. Sasa nimechoka. Naandika mara moja tu, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome hapa.

Kwa msionijua, mimi ni Skolastika, wengi wananiita Mama Skola. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mhasibu wa vyama vya ushirika, kwanza vya wavuvi huku ziwani kwetu, halafu vya kahawa kule milimani Mbinga nilikoolewa. Nilipostaafu nikarudi Lituhi kula usipa, vidagaa vyetu vya ziwani, na kupumzika. Kupumzika kwenyewe ndiko huku mnakokuona.

Kinachonikera ni namna mnavyouliza. Mnauliza programu gani nzuri, kama mtu anayeulizia sabuni dukani. Hamniambii karatasi ni ya benki gani, ina kurasa ngapi, imetoka kwenye kompyuta ya benki au mtu ameipiga picha kwa simu akiwa amesimama juani. Hamniambii ndani yake mna majina ya nani. Mnataka jina la programu tu, mkabofye, mkalale.

Na msianze kusema bibi anapinga kompyuta. Sipingi. Taarifa ya benki ikija kwa PDF unaweza kuisoma, lakini huwezi kuijumlisha wala kuipanga. Lazima iende kwenye Excel, ile ambayo vitabu vinaiita lahajedwali na ofisini hakuna anayeiita hivyo. Nimewahi kuziandika upya kurasa za namna hiyo kwa vidole vyangu, mgongo ukakataa kunyooka. Mashine ikinisaidia naishukuru. Ila isinidanganye, na ikinidanganya mtu asinipigie makofi.

Aliyenifundisha kazi ni mtawa mmoja, Sista Klara, mweka hazina wa misheni aliyekuwa akikagua vitabu vya chama chetu cha wavuvi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha maiti. Enzi hizo taarifa ya benki ilitoka Songea ikiwa karatasi, ikaletwa na lori la mtu anayekuja kuchukua samaki, na masika ilifika imelowa. Kazi yangu ilikuwa kuinakili. Nilikuwa na mwandiko mzuri, najisikia. Nikapiga mistari yangu kwa rula, nikatumia wino wa rangi mbili, nikampelekea nikisubiri kusifiwa. Sista hakuutazama mwandiko hata kidogo. Aliweka rula yake kwenye safu ya mwisho kabisa, ile ya salio, akaanza kushuka nayo. Salio la juu, toa kilichotoka, unapata la chini? Haya, shuka. Jumlisha kilichoingia, unapata la chini? Shuka. Katikati ya ukurasa akasimama.

"Hapa umeruka mtu," akasema.

"Nani, Sista?"

"Mimi nitajuaje? Salio linasema kuna mtu ameachwa njiani. Rudi ukamtafute. Na wino wako wa rangi kaandikie kadi za harusi."

Nilimtafuta nikampata, mvuvi mmoja wa hapa hapa. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea jedwali zuri, macho yangu hukimbilia safu ya mwisho kabla sijasema hata ahsante.

Sasa nawaambieni ya Fidea.

Fidea ni mhasibu wa chama kimoja cha kahawa nje kidogo ya Mbinga mjini. Jina la chama sitaji, wenyewe wanajijua. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe kabla sijastaafu. Ni binti mpole, mtaratibu, wa kuweka kalamu mahali pake. Akanipigia simu asubuhi moja nikajua ni yale yale ya programu, nikapokea kwa ukali. Kumbe analia.

"Mama," akasema, "wanasema nimeiba."

Nikakaa chini pale pale nilipokuwa naanika usipa. Nikamwambia apumue kwanza, kisha anieleze kutoka mwanzo.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya mavuno chama humpa kila mwanachama fedha ya kulipia wachumaji. Kiasi ni kimoja kwa wote, mwenye shamba kubwa na mwenye shamba dogo, ili pasiwe na kelele. Inapitia benki, siku moja, kila mtu kwenye akaunti yake. Fidea aliandaa orodha ya majina, bodi ikasaini, benki ikalipa. Hadi hapo safi kabisa.

Kisha Mwenyekiti, Mzee Kasiani, akaenda Songea kwenye semina. Huko akakutana na kijana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa anayeuza programu ya kuhamisha taarifa za benki. Akarudi nayo ameikumbatia. "Hii inasafisha yenyewe!" akawaambia watu. Wakaitia PDF ya benki, ikatoa jedwali lenye rangi, na juu yake tiki ya kijani na maneno: marudio yameondolewa. Mwenyekiti aliipenda tiki ile kuliko kitu chochote. Akachapisha jedwali kwa rangi na kulibandika ukutani.

Afisa Ushirika, Bwana Shabani, kijana wa Tanga aliyehamishiwa huku si zamani, akaja kukagua kabla ya mkutano mkuu. Akalinganisha jedwali la ukutani na orodha ya Fidea. Kwenye orodha, Kornelia Ndunguru yupo mara tatu. Kwenye jedwali yupo mara moja. Oresta, kadhalika. Gaudensia, kadhalika. Majina mengi tu. Na fedha zote kwenye akaunti zimetoka, kama orodha ya Fidea inavyosema.

"Jina lile lile, kiasi kile kile, siku ile ile," Bwana Shabani akasema. "Hawa ni wanachama hewa. Benki inaonyesha imemlipa Kornelia mmoja. Fedha za hao wengine zimekwenda wapi?"

Mwenyekiti naye badala ya kumtetea mfanyakazi wake akaongeza kuni. "Kwa kweli hata mimi namjua Kornelia mmoja tu, yule wa pale kinuni kunakokobolewa kahawa." Basi. Fidea akaambiwa akabidhi funguo na akae nyumbani. Mkutano mkuu wa wanachama ndio ungeamua kama anapelekwa polisi. Na mimi nilijua mkutano wa namna hiyo: ukishaingia na neno wizi kwenye ajenda, hautoki bila mwizi.

Mama yake ndiye aliyeniumiza zaidi. Ni mjane, kamlea Fidea peke yake kwa vibarua vya kuchuma kahawa za watu. Habari zilipoenea akaacha kwenda jumuiya, kusali na majirani. Akaacha kwenda hata mashineni kusaga, anamtuma jirani. Fidea aliniambia hivyo huku akijikaza, na sauti ikamponyoka.

Nikapanda gari. Kufika Kitai, wakati nasubiri gari la Mbinga, muuza ndizi akanisimulia wizi wa Fidea bila kujua mimi nakwenda kwa nani, na kiasi alichokitaja kingenunua kahawa ya wilaya nzima. Nikamwuliza ameona wapi. Akasema watu wanasema. Ndizi zake sikununua hata moja.

Ofisini nikamkuta Mwenyekiti na Bwana Shabani. Wakanisalimia kwa heshima, wakaniletea kiti. Nikaomba jambo moja tu, kuiona PDF ya benki.

"PDF ya nini tena, Mama Skola?" Mwenyekiti akasema. "Jedwali hili hapa ukutani, limesafishwa."

"Nani kati yenu ameifungua PDF?"

Wakatazamana. Bwana Shabani akasema alipewa jedwali. Mwenyekiti akasema programu ndiyo iliyoifungua.

Jamani! Nilihisi damu inapanda mpaka kisogoni. Watu wazima, wana miwani, wana mihuri, wanataka kumpeleka mtoto wa watu polisi na hakuna hata mmoja aliyeitazama karatasi ya benki! Iko kwenye kompyuta ile ile, hatua moja tu ya kidole, na wao wanabishana kuhusu kivuli chake. Nilisema mengine ambayo siyaandiki hapa.

Haya, tuifungue. Ikadai neno la siri. Benki ile huweka tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kusaini, yaani Mwenyekiti. Akaandika tarehe yake, ikakataa. Akaandika nyingine, ikakataa.

"Mzee wangu, kwani umezaliwa lini?" Bwana Shabani akauliza.

"Inategemea," Mwenyekiti akajibu bila aibu. "Ya cheti cha ubatizo, ya shuleni, au ya kitambulisho?"

Ikafunguka kwa ile ya shuleni, aliyoitunga mjomba wake ili apokewe darasa la kwanza. Nikasogeza kiti. Kornelia Ndunguru wa kwanza, huyo. Wa pili, huyo. Wa tatu, huyo. Na chini ya kila jina kulikuwa na mstari wa pili, mdogo mdogo, wenye namba ya kumbukumbu na namba ya akaunti, kila mmoja na zake. Programu ya viatu vinavyong'aa iliuona mstari wa pili ni uchafu, ikaukata. Baada ya kuukata ikaona mistari mitatu inafanana jina, tarehe na kiasi. Ikajisemea hayo ni marudio, ikafuta miwili, ikajipa tiki. Mwenyekiti alikuwa ameingizwa mjini na kulipia juu.

Nikadhani tumemaliza. Tumemaliza wapi! Bwana Shabani akakohoa.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Ila Fidea umemfundisha wewe. Ukinionyesha kwa kidole chako majina matatu, mkutanoni watasema umekuja kumwokoa mwanao. Nataka jedwali zima, kurasa zote, litolewe na mashine, na mimi nikiona inavyotolewa."

Alinikera, lakini alikuwa sahihi na nilimwambia hivyo. Basi ikawa kutafuta programu nyingine, na mkutano unakaribia.

Hapa sasa ndipo mtege masikio, nyie wa "Bibi, programu gani." Nilikataa kuanza na programu. Nilianza na ukurasa. Tukauchukua ukurasa mmoja wenye akina Kornelia, tukauhesabu kwa macho na kalamu, mimi na Bwana Shabani, mpaka tukakubaliana majina yaliyomo na salio la juu na la chini. Kisha nikasema: programu itakayoturudishia ukurasa huu mzima ndiyo tutakayoiamini kwa zilizobaki. Kitu msichokijua mtakijaribu na nini? Mnajaribu na kile ambacho tayari mnakijua.

Bwana Shabani akawahi. Kuna tovuti ya bure, akasema, unaitupia faili inakurudishia Excel. Alikuwa ameshafungua, kidole kiko hewani, nikamshika mkono.

"Unazipeleka wapi akaunti za wanachama?"

"Kwenye mtandao, Mama."

"Mtandao ni wa nani? Ofisi yake iko wapi? Kesho zikivuja tutamwendea nani?"

Akarudisha mkono. Tukakubaliana tuijaribu kwa taarifa yangu mwenyewe ya pensheni, ambayo mwizi akiiona ataniombea. Mtandao ulisuasua, kizunguzungu cha skrini kikazunguka mpaka chai ikapoa. Matokeo yakaja. Namba ya akaunti yangu inaanza na sifuri, na sifuri zote zimeliwa. Tarehe tatu ya mwezi wa saba imegeuka tarehe saba ya mwezi wa tatu, yaani nimepokea pensheni kabla haijatolewa. Ukurasa wa pili ukasema lipia kwanza. Nikasema funga.

Mwenyekiti naye hakutaka kupitwa. Akatoa simu yake yenye ile akili mnemba ya kuongea nayo, akapiga picha karatasi yangu ya pensheni, kona moja ikaingia kivuli cha kichwa chake. Ikajibu haraka, kwa adabu, jedwali tamu limepangwa. Nikalisoma. Kwenye ile kona ya kivuli ilikuwa imeandika kwamba nimenunua bidhaa dukani Dodoma. Mimi Dodoma sijawahi kukanyaga! Nikamwambia aiulize imetoa wapi. Ikaomba radhi vizuri sana, ikasahihisha, na sasa nikawa nimenunua Iringa. Yaani haikuona kitu, lakini iliona haya kusema haioni. Mtu wa hivyo ofisini namfukuza siku ya kwanza.

Kichwa kikaniuma. Nikampigia Fidea nyumbani kumuuliza yeye alikuwa anatumia nini kabla ya haya maajabu. Akanitajia programu moja iliyomo humo humo kwenye kompyuta ya ofisi, haihitaji mtandao, haina rangi wala tiki.

"Hiyo?" Mwenyekiti akakunja uso. "Hiyo mbaya! Inatoa vitu vimekaa shaghalabaghala."

Ni kweli, mbaya. Tuliupa ukurasa wetu, ikautoa jina liko mstari mmoja na namba mstari wa pili, safu zimepinda, na penye herufi isiyosomeka imeacha wazi na kuweka alama ya kuuliza. Lakini tukahesabu, na wote walikuwemo. Kornelia, Kornelia, Kornelia. Hakuna aliyefutwa, hakuna aliyebuniwa. Nikatamani kumkumbatia mtu.

Tukaipa kurasa zote. Kuunganisha mistari na kuzinyoosha safu kulituchosha siku nzima, na sikumruhusu mtu aniambie amechoka. Halafu Bwana Shabani mwenyewe akaongeza safu pembeni ya salio: salio la mstari wa juu, toa kilichotoka, jumlisha kilichoingia, toa salio lililoandikwa na benki. Ikiwa sawa, jibu ni sifuri. Akaivuta kanuni mpaka chini. Sifuri kutoka juu hadi chini. Nikamwambia afanye hivyo hivyo kwenye faili la lile jedwali la ukutani. Ilitembea vizuri mpaka ikamfikia Kornelia, ikavunjika, na huko chini ikaendelea kuvunjika. Nilimkumbuka Sista Klara na rula yake, machozi yakanilenga.

Bwana Shabani akavua miwani, akaifuta polepole.

"Kwa hiyo benki ililipa akaunti tatu," akasema. "Hilo nimelikubali. Sasa hao watu watatu wapo? Maana kwetu mtu mmoja angeweza kufungua zote."

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nishuke garini. Nilipoolewa huku nikitokea ziwani nilishangaa vile vile. Wamatengo hawa wa milimani ni watani zangu, nawasema nitakavyo: mtoto akizaliwa anapewa jina la bibi yake, na bibi alipewa la mtakatifu, na mtakatifu ni yule yule kijiji kizima. Wanawake wanabaki na ukoo wa baba zao, na koo zenyewe unazihesabu kwa vidole. Kisha wakishazaa, majina hayo yanawekwa kabatini. Anakuwa Mama Fulani mpaka kaburini, na jina lake la ubatizo analijua padri na benki tu. Ndiyo maana hata majirani waliapa wanamjua Kornelia mmoja.

"Basi waje mkutanoni," Bwana Shabani akasema. "Nikiwaona kwa macho yangu, nafunga faili."

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la kahawa, watu wamekalia mabenchi na magunia matupu. Fidea aliketi mwisho wa benchi la mbele, na nafasi iliyobaki pembeni yake hakuna aliyeikalia. Mama yake hakuja. Nikaenda nikaketi naye, nikamshika mkono.

Na Mwenyekiti, mtanisamehe, alisimama na lile jedwali la rangi! Baada ya yote aliyoyaona! Akasema pamoja na maelezo ya wataalamu, suala la majina yanayojirudia bado lina utata, na bodi haiwezi kulifumbia macho. Nilijua kinachomsumbua. Alikuwa amelipia ile programu kwa fedha za chama, na bora binti aende polisi kuliko yeye aonekane ameuziwa takataka. Watu wakaanza kunung'unika, wengine wakamtazama Fidea.

Bwana Shabani akainuka, akaomba utulivu, akaita kwa sauti:

"Kornelia Ndunguru!"

"Nipo," akasema mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, Mama Deo.

"Nipo," akasema yule wa kinuni, anayejulikana na kila mtu.

Bwana Shabani akatazama huku na huku. Mkono wa Fidea ukanikaza.

"Nipo jamani, subirini, magoti haya," ikasema sauti kutoka nyuma kabisa. Bibi mmoja akainuka kwa fimbo yake, kidogo kidogo, watu wakimpisha.

Mwenyekiti akamwona, akashusha karatasi. "Mama, kaa chini. Hukuitwa wewe."

"Nimeitwa."

"Ameitwa Kornelia, Mama. Wewe ni Mama Kasiani."

"Mama Kasiani ni jina nililolipata baada ya kukuzaa," bibi akasema. "Kabla yako nilikuwa na langu. Nasikia kuna Kornelia hewa kwenye hicho chama chako. Ni mimi? Hela ile niliipokea, nikalipa wachumaji, na wewe ulikuja ukanywa nao uji. Ulikuwa unakunywa uji wa hewa?"

Ghala likalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye magunia. Bwana Shabani aliuma midomo kwa adabu ya Kitanga, ikamshinda, akageukia ukuta mabega yakitikisika. Fidea hakucheka. Aliinamia mapaja yangu akalia kilio cha siku zote alizojikaza.

Mnadhani Mwenyekiti alimgeukia? Wapi! Akapangusa jasho, akasema, "Basi, suala limefungwa, tuingie ajenda ya mbolea." Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini bibi alikuwa bado amesimama.

"Kasiani. Mwambie mtoto wa watu."

"Nitamwambia baada ya kikao, Mama."

"Ulimtaja mwizi mbele ya watu. Mwambie mbele ya watu."

Mzee mzima, mvi kichwani, akatoka nyuma ya meza. Akasimama mbele ya Fidea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Mtu akapiga kelele kwamba nyuma hawasikii. Akarudia kwa sauti kubwa.

Fidea akainua uso. "Nimekusamehe, baba," akasema. "Lakini aliyeacha kwenda jumuiya si mimi. Nenda kamwambie mama."

Ajenda ya mbolea ikasubiri. Tulikaa ghalani tukiwaona wanashuka njia, Mwenyekiti mbele, mama yake nyuma na fimbo, akimhimiza. Walikaa huko kiasi cha watu kuanza kuuliza. Waliporudi walikuwa watatu. Bibi Kornelia alikuwa amemshika mkono mama yake Fidea, akapita naye katikati ya ghala zima bila haraka, akamketisha kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi pembeni ya binti yake. Mama alimtengeneza Fidea kola ya blauzi, kama vile ni mtoto anayekwenda shule, kisha akaikunja mikono yake akasikiliza habari za mbolea.

Fidea yuko kazini hadi leo. Anaitumia ile ile programu mbaya, na kwenye Excel yake ameongeza safu moja ambayo hakuna programu yoyote itakayowapa: kila jina ameandika ni mama wa nani, na nyumba iko upande gani. Kabla ya kutuma chochote anavuta kanuni mpaka chini, halafu anasoma majina kwa sauti.

Kwa hiyo pigeni simu mkitaka, siwezi kuwazuia. Uliza programu gani nzuri, mimi nitapokea. Ila kabla sijakujibu nitakuuliza wewe: Kornelia wenu wako wangapi?